Kibali cha Kumfukuza Kiboko

Salale,
Rufiji.
18 Aprili 1993

Kwa Afisa wa Vibali vya Fataki,
Kibiti.

Ndugu Afisa,

Assalaam aleikum. Mimi ni Mashavu binti Mshamu, mjane, mkulima wa mpunga. Mwenyewe sijambo, ila mpunga wangu mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wewe.

Enzi hizi tumeambiwa kila kitu ruksa: mitumba ruksa, kaseti ruksa. Nami nikanunua fataki za Kichina dukani kwa Khalidi, nikapanda nazo dunguni kulinda shamba. Kiboko akitia mguu, nawasha moja: paa! Huyoo, katokomea ng'ambo ya tuta, na anakokwenda mimi sina habari nako. Wiki mbili sikupoteza suke. Ndipo mgambo wako akaja na mtumbwi, akazibeba zote, akaniachia karatasi: marufuku kulipua bila kibali. Haya, tusemezane kwa adabu.

1. Kibali kiombwe siku tatu kabla. Mwanangu, viboko wa huku hawaleti taarifa. Nimewasubiri wabishe hodi, wapi! Kwa siku tatu mmoja anamaliza jaruba zima, na asante hasemi.

2. Fomu inauliza aina ya sherehe. Nimejaza: "Kilio." Inauliza idadi ya waalikwa. Nimejaza: "Viboko watatu. Nguruwe hawahesabiki. Hakuna aliyealikwa."

3. Eti niweke ndoo ya maji karibu, moto usisambae. Shamba langu lina maji mpaka magotini. Hiyo ndoo niitue wapi isielee?

4. Eti fataki zinahatarisha usalama wa umma. Umma upi? Dunguni niko peke yangu. Kiboko akifa kwa mshtuko, nitawaandikia wenzake rambirambi.

5. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Nirudishiwe fataki zangu, au uje wewe mwenyewe ukae dunguni mpaka mavuno. Debe la kugonga ninalo. Sauti unayo, niliisikia siku ile ulipotuhutubia sokoni Kibiti.

Sikufanyii mzaha, baba. Nina wajukuu wanne, na mpunga huu ndio chakula chao cha mwaka mzima. Nina uchungu! Mkulima gani duniani anaomba ruhusa ya kulinda chake? Fataki ziwe huru kwa kila mwenye shamba, bila fomu, bila kibali, bila ndoo.

Nisalimie mkeo, karani wako, na yule mgambo. Mwambie kiatu chake kilichobaki kwenye tope langu, kiboko keshakikanyaga.

Ni mimi niliyechoka kukesha,

Mashavu binti Mshamu

Tanbihi: Nasikia jirani yangu Mwinyimvua naye ameomba kibali. Shamba lake liko ng'ambo ya tuta langu. Asipewe! Nilipolipua mimi, viboko walikimbilia kwake. Akilipua yeye, watakuja kwangu. Huyo sheria imfuate yote, na ndoo yake uje uikague mwenyewe.