Ombi la Kukitoa Majini Kifaa Kisichotaja Majina

Ndugu Afisa Uvuvi,

Shikamoo, au marahaba, kutegemea umri wako, maana tangu ulete kifaa chako hatujakuona tena.

Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha kufuga sato kwenye vizimba hapa ziwani, Mwanza. Kwa heshima naomba ukiondoe kile kipima oksijeni ulichokining'iniza ndani ya maji, kinachoandika kila dakika kumi kama hewa ya samaki inatosha. Sababu ni hizi:

1. Kinavunja umoja. Zamani sato wakifa tuliitisha kikao, tukamtafuta mwenye kijicho. Mwaka jana tulimpata mwenzetu Shimba, aliyeonekana akikitazama kizimba muda mrefu bila kusalimia. Akatozwa mbuzi, tukala wote, yeye akiwemo, yakaisha. Sasa kifaa kinasema eti hewa imepungua. Hewa utaitoza mbuzi gani?

2. Hakithamini juhudi. Kiliposoma vibaya, tulikivuta hadi karibu na uso wa maji. Kikasoma vizuri sana, tukapiga makofi. Samaki wa chini waliendelea kufa, lakini sasa wakiwa na takwimu nzuri.

3. Kimeniingilia mimi binafsi. Katibu wetu, Bernadeta, amezipanga namba za kifaa na kuona hewa hushuka kila baada ya zamu yangu ya kulisha. Ni kweli, mimi humwaga chakula kwa moyo mkunjufu. Sipendi kiumbe ashinde njaa. Bernadeta anasema kinachobaki huoza chini na kumaliza hewa. Basi Shimba akasimama kikaoni: "Mwenyekiti, mbuzi wangu mlimla kwa ushahidi upi?" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Jumamosi kuna kura ya uenyekiti, na kifaa kisicho hata na kadi ya uanachama ndicho kinachonipigia kampeni mbaya.

Kwa hiyo kiondolewe, au kifundishwe kutaja majina ya watu wengine.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na yule dereva aliyekwama kwenye tope letu.

Wako mtiifu, angalau mpaka Jumamosi,
Yeremia Ndalahwa
Mwenyekiti

Nyongeza: Tafadhali usikiondoe. Nimetoka sasa hivi kwenye kizimba changu binafsi. Sato wote wamekuja juu, wanahema midomo wazi. Njoo haraka na kifaa kingine cha huku kwangu. Bernadeta amenikataza kutupa hata punje moja mpaka kiseme hewa inatosha. Nimeukalia mfuko wa chakula, nakisubiri.