Wati za Yurani

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua. Ng'ombe watatu wamekamuliwa. Kocha Anselmo amekuja na karatasi, kaibandika kwenye friji yangu bila kuomba ruhusa.

Msimu wa mashindano umekwisha, anasema, na huu ndio wakati wa kujenga mguu. Wiki tatu za kazi, ya nne nyepesi, kisha kipimo. Mjukuu wangu Yurani akitoka kiwanda cha jibini apande baiskeli iliyobanwa kwenye stendi, akanyage dakika nane kwa nguvu, apumue nne, arudie. Mara nne. Kwenye pedali kuna kidude kinachohesabu nguvu ya mguu kwa wati, kama taa. Niliuliza mguu wa Yurani unawasha taa ngapi. Kocha akasema jiko zima na sebule. Hapo nilimpenda kidogo.

Halafu akataka feni. Feni! Kwenye baridi hii ya milimani! Nikamwambia mwili wa moto ukipigwa na upepo mdomo unahamia sikioni. Binamu yangu Custodia alipiga pasi mashati sita, akafungua friji, na mpaka tunamzika alikuwa anacheka upande mmoja. Kocha akajibu kwamba injini lazima ipoozwe, bibi. Nikamwambia mjukuu wangu si lori. Akacheka. Simwamini mwanamume anayecheka kabla hajaonja supu yangu.

Na siku za mapumziko ni mbili kwa wiki, Ijumaa ikiwemo. Ng'ombe hana Ijumaa.

Mambo yenyewe ni haya. Klabu ya baiskeli inapeleka wasichana wanne kwenye mashindano ya siku tatu mwezi Januari. Watatu wanajulikana. Wa nne atakuwa Yurani wangu au Ingrid, mjukuu wa Bi Otilia wa ng'ambo ya korongo. Msimamizi wa kiwanda kampa Yurani likizo hiyo Januari hii tu. Mwakani anahamia zamu ya usiku, na baiskeli itakuwa ya kutundikia nguo. Ana miaka ishirini na mitatu na hajawahi kulala nje ya wilaya. Lazima aende. Nitasimamia mwenyewe.

Jumanne, 14 Novemba

Nimeanza kusimamia. Stendi nimeihamishia jikoni, karibu na jiko la mkaa wa mawe. Dirisha nimeliziba kwa magunia ya viazi. Waya wa feni aliyoiacha kocha nimeukata kwa kisu cha jibini, nikasema panya.

Yurani alitoka jasho kama kitambaa cha kuchujia jibini. Awamu tatu za kwanza alishika namba aliyopewa, mia moja na tisini. Ya nne namba ikaporomoka. Alisema bibi, joto. Nikamwambia jasho ni ugonjwa unaoaga. Akaniangalia, akaendelea kukanyaga. Mtoto mwenye adabu mno huyu.

Jumamosi, 18 Novemba

Kocha kaja kusoma namba, kakuna kichwa. Moyo unapanda, wati zinashuka. Akamuuliza Yurani kama analala. Akauliza kama anakula. Mimi nikaitikia badala yake kwamba anakula kama mwashi.

Akaenda kwenye gari, akarudi na feni yake mwenyewe, kubwa, yenye mapanga mekundu. Nikaipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Alipoondoka tu nikaifunga kwenye blanketi langu la kujitanda na kuipeleka kanisani. Padri alifurahi. Akasema ni mara ya kwanza mtu kutoa feni mahali ambapo waumini husali na glavu.

Jumapili, 19 Novemba

Aibu! Padri kanishukuru madhabahuni kwa jina. Akainyanyua feni watu waione. Mapanga mekundu. Kocha alikuwa benchi la tatu.

Baada ya misa kaniuliza kwa upole kama ile si feni yake. Nikasema niliielewa kama sadaka. Akasema sawa, bibi, lakini ya tatu hana. Bi Otilia alikuwa nyuma yetu, masikio kama ya sungura. Akasema eti Ingrid wake anafanya mazoezi dirisha wazi, feni usoni, na mdomo wake bado uko palepale, mzuri, unaushinda hata wa bibi yake. Nikamwambia angoje. Akasema anangoja, akaniuliza wangu yuko wati ngapi. Nikasema mia tatu. Sijui ilitoka wapi. Akafanya ishara ya msalaba.

Alasiri kocha kapunguza namba za Yurani kwenye karatasi, kutoka mia na tisini hadi mia na sabini na tano, kwa kuwa mwili umechoka. Moyo umeniwaka. Anayepunguza huyo ni kocha au daktari wa mochwari?

Jumatano, 29 Novemba

Jana niliamkia mjini kung'oa jino, nikarudi giza limeingia. Nimekuta Yurani anacheka peke yake. Kamaliza zote, na ya mwisho kaipita namba ya zamani, mia na tisini na nane! Kisa nini, nikamuuliza. Akasema hana hakika, ila baiskeli aliitoa uani mvua ilipokatika.

Mimi najua kisa. Nilimwachia mchuzi wa shingo ya kondoo.

Nimeirudisha stendi jikoni.

Jumatatu, 4 Desemba

Wiki nyepesi imeanza. Kocha kaandika nusu ya kila kitu. Dakika kumi hapa, tano pale, Ijumaa lala. Anasema mguu haukui wakati wa kukanyaga, hukua ukiwa umelala. Nimewaza sana. Kinachokua kikiwa kimelala ni kiazi.

Kipimo ni Jumamosi, na ng'ambo ya korongo naona kivuli cha Ingrid kinakanyaga tu. Basi nimepanga. Nimemwambia kijana wa gari la maziwa asipite kwetu wiki hii. Kisha nimeshika kiuno. Nikamwambia Yurani kiuno kimekatika, nani atapeleka maziwa kwenye tangi la kijiji, juu kule, kilomita nne za kupanda? Akasema kocha kamwambia apumzike. Nikaguna. Nikaguna tena, kwa sauti ya marehemu mama yangu. Akafunga madumu mawili kwenye baiskeli ya kazi, akaondoka kabla ya zamu.

Kiuno changu kizima kama cha mbuzi.

Alhamisi, 7 Desemba

Siku ya nne ya maziwa. Leo tunawasha mishumaa ya mkesha wa sikukuu ya Bikira Maria barazani. Yurani kasinzia amechuchumaa, mshumaa mkononi, nta ikamdondokea kidoleni na hakuamka. Nikaipuliza mwenyewe. Nikafikiri anajengeka.

Jumamosi, 9 Desemba

Naandika kwa shida.

Kipimo kilikuwa kwenye mwinuko wa Peña Negra. Dakika ishirini, kila mmoja peke yake, kocha nyuma kwa pikipiki. Mimi na Bi Otilia tulisimama juu kwenye kibanda cha supu, mikono kwenye bakuli moja moja.

Ingrid alitangulia. Mia mbili na tatu. Kisha wangu. Nilimwona kutoka kona ya mwisho, mabega yanayumba kama mtu anayebeba madumu. Anayebeba madumu! Mia moja na tisini na nne.

Hakulia. Kamkumbatia Ingrid, kampa na maji yake. Bi Otilia alitaka kusema kitu, akaniangalia usoni, akanilipia supu. Afadhali angenitukana.

Tukirudi, Yurani kanivua begi begani. Nikasema naliweza. Akasema hapana bibi, kiuno chako. Kalibeba mpaka mlangoni, na baiskeli kaikokota kwa mkono mwingine.

Nimekaa jikoni tangu hapo. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amelala chumba cha pili na viatu miguuni.

Jumapili, 10 Desemba

Nimesema yote. Feni ya kwanza, magunia, mia tatu, kiuno. Nilisema nimesimama, maana nikikaa ningepata kisingizio cha kutomaliza. Feni ya pili aliijua, kijiji kizima kinaijua.

Nilitamani avunje sahani, hata ile ya maua. Kisha kasema ningemwambia tu kwamba naogopa. Nikasema siogopi kitu. Akasema bibi. Hivyo tu, bibi.

Basi nikamwambia. Mama yake, Merceditas wangu, aliingia nyumbani na jasho la kuvuna viazi, akakaa mlangoni apigwe upepo, na mimi nilikuwa hapo namenya maharage na sikumwambia ondoka. Baada ya wiki tatu kifua kilimchukua. Miaka ishirini na sita. Daktari alisema kifua kilikuwa kibovu zamani. Daktari hakuwa anamenya maharage.

Yurani kanishika mikono. Akasema alidhani mguu wake umekwisha. Wiki nne alikuwa akijilaza kitandani akiwaza kwamba hana kipaji, kwamba jibini ndiyo saizi yake. Hilo ndilo linanikata. Nilitaka kumlinda kifua nikamwangushia moyo.

Jumatatu, 11 Desemba

Kocha kaja. Nimemwambia naye. Kavua kofia, kakaa, kala supu mbili. Kasema majina ameshapeleka, hawezi kumnyang'anya Ingrid, na Ingrid hakukosa kitu. Kweli hakukosa. Yurani atakuwa wa akiba. Mmoja wa wanne asipofaa siku hiyo, anaingia. Hivyo mazoezi yanaendelea.

Nikaomba anieleweshe mara moja tu, na sitauliza tena. Kaniambia mlimani wati peke yake hazitoshi, hugawanywa kwa uzito wa mwili. Malori mawili, injini moja, hili lina magunia manane na lile kumi. Lipi litafika kwanza? Nikasema la manane. Akasema bibi, ungekuwa kocha mzuri kama ungekaa mbali na baiskeli.

Nimeapa mbele ya picha ya Bikira. Sigusi baiskeli ya Yurani, dirisha, karatasi wala tumbo lake. Yurani kanirudishia kila neno, nikaapa mara ya pili.

Alhamisi, 14 Desemba

Dirisha wazi. Padri katuazimisha feni, kwa maandishi. Mimi nje barazani na mablanketi mawili, namsikia anahesabu dakika. Namba aliyoisema mwishoni ni mia mbili na kumi na moja. Mia mbili na kumi na moja! Siku tatu tu za kuachwa na bibi yake.

Nimeingia bandani nikalia na ng'ombe. Walikuwa wanatafuna. Ningekaa kimya mwezi mzima tungekuwa tunafua jezi ya klabu sasa hivi.

Jumamosi, 16 Desemba

Sala za siku tisa za Krismasi zimeanza, na kama kawaida kila nyumba inapeleka chakula kwa jirani. Nimekaanga buñuelo, yale maandazi yetu ya jibini, kumi na mawili makubwa. Nimeyapeleka ng'ambo ya korongo, nikasema yote ni ya Ingrid, asigawane na mtu.

Sijavunja kiapo. Nimekipitia neno kwa neno. Tumbo la Ingrid halimo.

Bi Otilia alishangaa. Nikamwambia ni msamaha. Nusu ni kweli. Ingrid kaja mlangoni, na loh, mtoto yule karibu ni mfupa! Anajinyima, bibi yake kaninong'oneza, tangu aliposikia kuna msichana upande wa pili mwenye mia tatu. Nimeona haya hadi kwenye kucha. Kala manne nimesimama pale, akafumba macho kila mara anapomeza. Nikajikuta nampangusa mafuta kidevuni.

Lakini magunia ni magunia. Kesho ishirini.

Jumatano, 20 Desemba

Siku ya tano. Maandazi, supu ya mahindi na mbavu, maziwa ya mgando na sukari guru. Ingrid ananiita bibi sasa. Mashavu yamerudi. Nimehesabu kwa jicho kilo moja na nusu. Usiku uliopita nilimwota akipanda Peña Negra kama lori la viazi, na Yurani anampungia mkono akimpita. Nikaamka nacheka, kisha nikaomba toba.

Ijumaa, 22 Desemba

Kocha kaja mbio, kofia mkononi, macho yanang'aa. Kampima Ingrid leo asubuhi. Mia mbili na kumi na tisa! Kasema yule msichana alikuwa anajiua kwa njaa, alimsihi mwezi mzima ale, hakumsikia mtu, na sasa kumbe kuna bibi mmoja wa ng'ambo kaiponya timu nzima. Kanibusu mikono yote miwili. Bi Otilia kaleta kuku mzima. Yurani kanikumbatia kwa nyuma, kasema hajawahi kujivunia mtu hivi, na kwamba nimebadilika.

Nimemshukuru Bikira, nimeona haya, nimekwenda kuwatazama ng'ombe.

Nimefikiri mchana kutwa, na kosa nimeliona. Nilimpa Ingrid vyakula vichache. Anavichoma vyote, ana moto mwilini. Nimekanda unga wa maandazi arobaini. Na ngozi ya nguruwe.