Kimeng'enya cha Haraka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeaminiwa! Mkuu wa maabara kanikabidhi bakteria wetu, wale tuliowapandikiza jeni ya mmea ili watutengenezee kimeng'enya. Daktari wa vidonda anakihitaji Ijumaa kwa utafiti wake. Nikishindwa, narudi kuosha chupa. Nashukuru mno. Hata Miwani, mpinzani wangu wa meza ya pili, kanipongeza. Unafiki mtupu.

Jumanne, 4 Machi
Maelekezo yanataka bakteria wapozwe, wafanye kazi polepole. Polepole! Nikawapandishia joto. Miwani akaonya kwamba kimeng'enya kitaganda mabonge. Nikamwambia aache wivu.

Kimeganda mabonge. Meupe, hayafai kwa lolote.

Miwani kanigawia nusu ya bakteria wake, waliolelewa kwenye baridi, bila hata kunisimanga. Nusura nilie. Mama watoto anasema nimtafutie zawadi. Nitafikiria.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya kusafisha. Unapitisha supu ya bakteria kwenye mrija wenye shanga ndogo ndogo. Shanga zinanasa kimeng'enya, uchafu unapita. Ndipo unatia dawa ya kukibandua. Hatua mbili za nini? Nimechanganya dawa na supu papo hapo, nikamaliza kabla ya chai. Kichwa ninacho! Uchafu uliopita nimemwachia Miwani amwage.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepima kilichobaki kwenye shanga. Hakuna kitu! Kumbe dawa ilizizuia shanga kunasa, kimeng'enya chote kikapita na uchafu. Nikaanza kulitazama beseni la kuoshea chupa kwa macho mengine.

Miwani akafungua friji yake. Akasema yeye hamwagi hata tone, lake wala la mtu, mpaka majibu yatoke. Uchafu wangu huo, wote! Tukaondoa dawa, tukapitisha upya, safari hii kwa hatua zote mbili. Kimetoka safi. Nimemshukuru mpaka akaniomba ninyamaze.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kakijaribu, kinafanya kazi! Mkuu akanisifu mbele ya watu. Nikasema sifa ni za Miwani, na nilimaanisha. Mwenyewe akalengwalengwa na machozi. Mimi yakanimwagika kabisa.

Mtu kama huyu unampa nini? Zawadi za dukani hazimtoshi. Basi alipokwenda kula, nimemsafishia friji yake yote. Inang'aa! Vile vichupa vya masalio alivyorundika humo, nimevimwaga vyote. Atafurahi huyo!