Nyota Tano za Mtamba wa Nyansiongo

Lewis Anyona alikuwa na jicho la biashara, na siku hiyo pale soko la Daraja Mbili jicho hilo lilimwona ng'ombe. Hakuwa ng'ombe wa kushikwa kamba. Alikuwa kwenye jalada la kitabu, kitabu kiko juu ya gunia, gunia liko kati ya mikungu ya ndizi na rundo la mitumba, na nyuma yake ameketi mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, anasubiri wanunuzi. Wanunuzi walikuwa wanakuja kwa wingi, ila walikuja kwa ajili ya ndizi.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mtamba wa gredi, jike wa mbegu ya kisasa ambaye bado hajazaa, mweusi kwa mweupe, ngozi inang'aa, macho ya upole. Lewis alisimama kama aliyeitwa jina. Lazima nieleze kwa nini. Kule Ogembo kulikuwa na Nyanchera, mwalimu wa chekechea, ambaye Lewis alimpenda kweli, na nadhani hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakulitia chumvi. Baba yake Nyanchera, Mzee Machogu, alikuwa amesema bila kupepesa macho: mahari itaanza na mtamba mmoja wa gredi, tena aonekane bomani, ndipo mengine yazungumzwe. Kazi ya Lewis ilikuwa ulimi. Ulimi ulikuwa umempa suti, viatu vilivyochongoka na kiti cha kudumu katika saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti cha Gentrix, mjini Kisii, lakini ng'ombe ulikuwa haujampa.

"Mama, hii kitabu ni yako?"

"Ni yangu. Nimeandika mwenyewe. Inaitwa *Bwana Alinikuta Zizini*."

"Na hii ng'ombe?"

"Ni yangu pia."

"Iko hai?"

Mama akamtazama kutoka viatuni hadi kwenye tai. "Asubuhi ilikuwa hai."

Jina lake lilikuwa Zilpa Nyanchoka, mwalimu mstaafu wa Nyansiongo, mjane, Msabato wa kuzaliwa. Mumewe alipofariki, watu walimwambia auze shamba aende akalelewe na watoto wake mjini. Yeye akaingia zizini, akapiga magoti kwenye samadi, akatoka na uamuzi wa kubaki. Ndiyo hadithi aliyoiandika. Alimuuza ng'ombe wake bora wa maziwa ili amlipe mchapishaji, na sasa maboksi ya vitabu yalikuwa yamejaa chumba cha wageni hadi wageni wakaacha kuja. Hakutaka utajiri. Alitaka mjane mmoja mahali fulani akisome, kesho yake aamke akamue.

"Mama," Lewis akasema, akichuchumaa kwa uangalifu asichafue suruali, "shida si kitabu. Shida ni soko. Hapa unauzia watu wamekuja kununua sukuma wiki. Mimi ni mshauri wa waandishi. Nitakuweka kwa duka ya mtandao. Mtu ako Minnesota anabonyeza, anatumiwa. Na wasomaji wanakupatia nyota. Tano! Kitabu bila nyota siku hizi ni karatasi tu."

"Hao wasomaji watatoka wapi?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

Zilpa akafikiri. "Pesa sina. Hii vitabu ilimaliza."

"Nani ametaja pesa?" Lewis akaweka kidole juu ya jalada, polepole, kama askofu anayebariki. "Huyu atatosha."

Mama akacheka kidogo. "Huyo hapana. Huyo si wa kufanya kazi yako. Niko na mwingine, mwekundu, ako na mimba ya miezi tano. Ukifanya kazi safi nitakupatia huyo."

Lewis akatabasamu tabasamu la mtu anayejua anachezewa. Alikuwa amewafanyia watu wengi mchezo huo huo: unaonyeshwa kizuri, unapewa kibaya. "Mama, mimi nataka wa jalada."

"Basi fanya kazi kwanza," Zilpa akasema. "Tutaona."

Kuhusu kazi ya kukiweka kitabu dukani, nitamtendea Lewis haki: aliifanya. Alipiga picha, akaandika maelezo, akaweka namba ya mama. Kisha akasubiri Jumamosi. Jumamosi mji wa Kisii hupungua kelele, kwa kuwa nusu yake iko kanisani, na saiba huwa tupu. Gentrix, Mkatoliki kama Lewis, alifungua mlango, akampa kompyuta ya pembeni na akaanza kusuka nywele zake mwenyewe.

Hapo Lewis akazaa wasomaji. Alimzaa Mzee Jeconia, mzee wa kanisa wa Keroka. Akamzaa Dada Linda wa Minnesota. Akamzaa Bosire, mlevi aliyetubu. Na kwa kuwa alijua kwamba Wasabato wana salamu yao, akaitia kila mahali, mithili ya mpishi aliyegundua kiungo cha royco.

*Sabato njema! Nimenunua kitabu hiki leo asubuhi kwa simu, nikiwa kwa shamba nachuma chai. Nililia hadi kikapu ikalowa. Nyota tano. Mzee Jeconia.*

*Sabato njema kutoka Minnesota! Nimetoka dukani sasa hivi kufanya shopping, nikakiona, nikanunulia ofisi yote. Dada Linda.*

*Sabato njema. Nilikuwa njiani kwenda kwa chang'aa. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikarudi nyumbani. Mke wangu hajaamini hadi saa hii. Bosire.*

Gentrix alikuja akasoma juu ya bega lake. "Wewe umekisoma lakini?"

"Gentrix, mwenye duka haonji kila soda anauza."

"Hata kidogo tu? Si kitabu kubwa."

"Nimesoma jalada," Lewis akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema ukweli mtupu. Alimtumia Nyanchera anwani ya duka, ili Mzee Machogu aone mkwe wake mtarajiwa anashughulika na watu wa aina gani, kisha akaenda zake kunyoa.

Jumapili alifika Nyansiongo. Zilpa alimkaribisha kwa maziwa ya mgando na viazi vitamu, akavaa miwani, akaishika simu ya Lewis kwa mikono miwili. Alisoma polepole. Alipofika kwa Bosire machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kitambaa, akasema kwa sauti ndogo, "Nyasae one, Mungu wangu. Amerudi nyumbani." Nakiri kwamba hapo nilitamani Lewis aone haya. Hakuona. Alikuwa anachungulia dirishani, mtamba anapita.

"Lewis, hii maandishi ndogo chini ya jina ni nini?"

"Ni siku na saa, mama. Jumamosi! Zote zimeingia jana, asubuhi moja!" Alisema kwa fahari kubwa.

Zilpa akarudi juu, akasoma tena. Mzee wa kanisa, siku ya Sabato, yuko shambani anachuma chai, huku ananunua vitu kwa simu. Dada wa Minnesota, siku ya Sabato, ametoka dukani. Mwadventista wa kweli hanunui hata kiberiti tangu jua la Ijumaa lizame hadi la Jumamosi lizame, na mtoto wa Shule ya Sabato ya Nyansiongo angekuambia hivyo akiwa usingizini. Wasomaji wake wote walikuwa wamemsalimu Sabato njema, kisha wakaivunja wakiwa na furaha. Na maboksi chumba cha wageni yalikuwa hayajapungua hata nakala moja. Machozi ya Zilpa yalikauka. Aliumia, na aliumia zaidi kwa ajili ya Bosire, kwa sababu alikuwa ameshaanza kumpenda.

Akavua miwani. "Na wewe mwenyewe, umesoma kitabu?"

"Mara mbili, mama. Nililia."

"Ulilia sura gani?"

"Zote. Lakini ile ya zizini zaidi."

"Ile ya mtamba?"

"Hiyo hiyo, mama! Hiyo ilinimaliza!"

Zilpa akamtazama kwa muda mrefu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho ya kufuta jibu. Lewis hakufuta.

"Sawa. Nilikuwa nimekuwekea yule mwekundu mwenye mimba. Lakini wewe ulitaka wa jalada."

"Wa jalada, mama."

"Kama umesoma ile sura, basi mimi sina kitu nimekuficha. Kuja Jumapili ijayo umchukue. Kwanza nimwombee. Na akikushinda, mrudishe, hapa ni kwao."

Lewis alirudi mjini anaimba. Katikati ya wiki duka likapata oda moja, ya kwanza na ya pekee, kutoka Ogembo. Zilpa aliifunga nakala hiyo kwa karatasi ya kaki na kamba ya sisali, akaipeleka stendi kama anayesindikiza mtoto shule ya bweni.

Jumapili ikafika. Zilpa alimshika mtamba shingo, akamnong'oneza kitu, akakabidhi kamba. Lewis alikodi pikapu kwa mkopo, akavaa suti, akamfunga mtamba utepe mwekundu kwenye pembe. Boma la Machogu lilikuwa limejaa: wajomba, shangazi, majirani ambao hawakualikwa, na Nyanchera mlangoni akijizuia kucheka kwa furaha. Mtamba aliposhuka, shangazi walipiga vigelegele. Hata mimi ningepiga. Alikuwa mrembo mno.

Mzee Machogu akamzunguka mara moja. Akamzunguka tena. Akainama, akanyanyuka, akamtazama usoni.

"Huyu namjua," akasema.

"Haiwezekani, tata," Lewis akacheka, akimwita baba kwa Kikisii. "Nimemtoa Nyansiongo leo asubuhi."

"Namjua." Mzee akatia mkono ndani ya koti, akatoa kitabu. Jalada likang'aa juani: mweusi kwa mweupe, macho ya upole. "Wewe si ulimtumia Nyanchera hii maneno? Nikaona nyota. Nikaona watu hawana adabu ya Sabato, nikashangaa, lakini nikasema mlevi amerudi nyumbani, wacha ninunue. Nimeimaliza jana baada ya kanisa. Umeisoma?"

Mbele ya wajomba wote, mtu angejibu nini? "Mara tatu, tata."

"Vizuri. Tusomee sura ya saba. Macho yangu yamechoka."

Lewis akapokea kitabu. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, hilo halina ubishi, na shangazi wakatulia.

"*Mwaka huo ng'ombe wangu alizaa pacha,*" akasoma. "*Dume na jike. Dume nilimuuza. Jike nilibaki naye, akakua akawa mrembo kuliko ng'ombe wote wa Borabu, na watu husimama barabarani kumtazama. Lakini kila mfugaji anajua: jike aliyelala tumbo moja na dume...*"

Macho yake yakakimbilia mstari uliofuata.

"Endelea," Machogu akasema.

"*...huwa tasa.*" Sauti ilikuwa imepungua hadi wajomba wa nyuma wakasogea. "*Hatazaa. Hatakamuliwa. Daktari wa mifugo aliniambia nimpeleke kwa mchinjaji, nikakataa. Nilimweka kwenye jalada ili anikumbushe nisimhukumu mtu kwa ngozi yake inavyong'aa.*"

Kisha jirani mmoja asiyealikwa akaanza kucheka, na kicheko kikapita kwa wajomba, kikafika kwa shangazi, kikavunjika pale jikoni. Machogu peke yake hakucheka. Alichukua kitabu chake, akakipangusa.

"Mwanangu," akasema, na upole wake ulimuuma Lewis kuliko matusi, "huyu mama amekuambia ukweli yote, tena ameichapisha. Mimi siwezi kukasirika na yeye. Mrudishe ng'ombe. Siku utaleta mwenye maziwa na wewe uko na neno moja la kweli, lango liko hapo."

Pikapu ilikuwa imeshaondoka, na mwenye pikapu hakuwa mtu wa kukopesha mara mbili kwa siku. Lewis akashika kamba. Nyanchera alimfuata hadi langoni, macho yamejaa machozi na mdomo umejaa kicheko, vyote pamoja.

"Lewis, si ungesoma tu? Ni kitabu ndogo."

Lewis akavuta kamba, akashika njia.

Barabara kutoka Ogembo ni ndefu kwa mtu mwenye viatu vilivyochongoka. Kila kituo watu walisimama. Mama wa chai walisimama, vijana wa bodaboda walizima injini. "Ng'ombe safi hivi! Anatoa maziwa ngapi?" Mwanzoni Lewis alidanganya, kwa mazoea. Lakini wakitaja kununua ilibidi arudi nyuma, na kurudi nyuma kulichosha kuliko vilima. Jumatatu, alipoingia Daraja Mbili akiwa na tope hadi magotini, simu ilikuwa inaita. Gentrix.

"Lewis! Kitabu yako imepata rivyu moja ya ukweli. Nikusomee?" Hakungoja ruhusa. "*Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kurasa zinabanduka. Nimeandika Jumapili, si Sabato. Sura ya saba ya kitabu hiki imeniokoa na ng'ombe tasa na mkwe asiyesoma. Kila mzazi mwenye binti anunue. Machogu, Ogembo.* Lewis, watu wanacheka mpaka Nairobi! Wanauliza hiyo sura ya saba iko na nini!"

Akakata, simu ikaita tena. Alikuwa Zilpa.

"Mwanangu, simu yangu hailali. Wajane, wazee, wenye mabinti. Boksi zinaisha, kitanda cha wageni nimekiona leo. Umefanya kazi. Kesho ukifika kuna maziwa. Yule mwekundu bado yuko, na mimi bado nafikiria. Itategemea vile utajibu maswali yangu. Nitauliza kutoka sura ya kwanza."

Lewis akaketi kwenye ukingo wa barabara, karibu na mahali lilipokuwa lile gunia. Mtamba akachukua ganda la ndizi, akatafuna kwa utulivu wa asiyedaiwa chochote. Mama muuza ndizi akaacha mteja wake, akaja kumzunguka, akampapasa mgongo.

"Yoo, urembo gani huu! Kijana, huyu anatoa maziwa ngapi kwa siku?"

Lewis akafungua mdomo. Ulimi ukajipanga, ukapata namba nzuri, kubwa, ya kuvutia. Akaufunga mdomo, akameza.

"Soma kitabu, mama," akasema. "Na ukimaliza, uniazime."