Malalamiko Juu ya Kitufe cha Kompyuta Kisichotaka Kuzima

Kwako Ndugu Mwenyekiti Hebroni,
Chama cha Wakulima wa Kakao, Ngana.

Salamu kwanza, maana hata mwenye hasira ana adabu zake. Ni mimi Anyosisye, mtunza ghala wako, mzima wa mwili ila moyo umechafuka. Naleta malalamiko dhidi ya kompyuta ya ofisi, na hasa kile kitufe chake cha mbele.

1. Kitufe hakizimi. Mimi nimezima redio, tochi, hata mashine ya kukoboa mpunga, na vyote vimenitii. Hiki nakibonyeza jioni, skrini inakuwa nyeusi, navaa kofia yangu niondoke, kumbe kitaa kinapepesa tu kama paka anayevizia dagaa usipa. Naambiwa haijazimika, imelala. Nani kairuhusu?

2. Inalala kazini. Nikitoka kidogo kupima kakao ya Mama Ikupa, narudi nakuta imesinzia. Ndugu Mwenyekiti, mimi niliposinzia kikaoni baada ya wali na samaki mbasa uligonga meza mbele ya wajumbe wote! Kompyuta haijagongewa hata siku moja.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Ikiamshwa haianzi upya, inaendelea pale alipoishia aliyeitumia. Na anayeitumia asubuhi ni karani wetu Tusekile, mke wa mwanangu Ezekiel. Wewe ni mtu wa huku, unajua: mkamwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemeshani. Akiniona njiani huingia migombani mpaka nipite. Ndiyo maana wewe mwenyewe ulimpa zamu ya asubuhi, mimi ukanipa ya mchana. Sasa nabonyeza kitufe, Mungu wangu, naangukia katikati ya sentensi yake! Mara wimbo wa kwaya anaojifunza, mara picha ya mshono wa kitenge. Hayo ni ya kutazamwa na baba mkwe?

Nikaona nisivunje heshima. Nikafunika skrini kwa gunia, nikachapa kwa kukisia. Ndiyo ile taarifa ya unyevu wa kakao iliyokufikia ikiwa na herufi K tupu kuanzia juu mpaka chini, ukaniuliza nimekunywa nini. Mimi ni mzee wa kanisa, Ndugu Mwenyekiti!

4. Kumuuliza siwezi. Nilimtuma mke wangu Tupokigwe, akarudi na somo: eti kuna kusinzia, kuna kulala fofofo, na kuna kuzima, na kitufe hufuata lile lililochaguliwa kwenye mipangilio. Tusekile kachagua kusinzia ili kazi yake imsubiri kama alivyoiacha. Haya. Fundi mmoja wa Mbugani akaniambia nikikishikilia kitufe bila kukiachia, itazima itake isitake. Nikakishikilia. Ikazima, na orodha ya wakulima wanaongoja miche, ambayo Tusekile alikuwa hajaihifadhi, ikaenda nayo. Kesho yake niliwahi kufika, nikamsikia ofisini analia. Nikasimama nyuma ya ghala kama mwizi. Iliniuma sana, sikufichi. Lakini baba mkwe ataanzaje kuingia kusema pole?

Kwa hiyo naomba kamati iamue: ama kitufe kifundishwe kuzima kabisa, ama Tusekile ahamishiwe tawi la Ngonga, ingawa ni mbali na kazi hii anaipenda. Yakishindikana yote mawili, najiuzulu mimi, na kakao mtapimiana kwa viganja.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote pamoja na wale walionicheka, na ndama wenu aliyezaliwa juzi.

Wako mtiifu mwenye kinyongo,
Anyosisye, Mtunza Ghala.

N.B. Barua hii niliiacha jana kwenye skrini mvua ilipoanza, nikakimbilia kuingiza kakao iliyoanikwa, nikasahau kurudi. Mchana huu nimebonyeza kitufe, imeamka nzima, na chini yake pana maneno yasiyo yangu. Tusekile ameandika: Baba, pole kwa usumbufu. Orodha nimeirudia yote, usihuzunike. Kitufe nimekigeuza, kuanzia leo ukikibonyeza wakati wa kufunga kitazima kabisa. Nikihamishwa nitakwenda.

Tangu aolewe kwetu sijawahi kupata neno lake hata moja. Ameniita Baba! Nimelisoma mpaka macho yakaloa, nami nimemshukuru hapo chini kwa lugha yetu: ndaga fijo, mwanangu, na ile pole iliyonikaa kooni. Tatizo, kufunga ofisi lazima nibonyeze kitufe, na nikikibonyeza sasa kitazima na yote yatapotea, maana kuchapisha kwenye karatasi najua, kuhifadhi sijui. Basi malalamiko yote nayafuta. Tusekile asihamishwe popote. Njoo mwenyewe, tafadhali, ukirudishe kitufe kwenye kulala kabla sijafunga ofisi, ili kesho asubuhi akiiamsha anikute.