Ndevu nyekundu kwa muzee wa Irlande

Ba ndugu, leo haya imenikula mpaka ku mifupa.

Niseme ile mubaya kwanza, tumalizane nayo. Nimelia ku shingo ya muzee mmoja wa Irlande, namuita "babu, babu yangu!", mbele ya nusu ya Matonge, quartier yetu ba Congolais hapa Bruxelles, na ndevu yangu ya rangi imemuachia shati nyeupe alama kama ya mafuta ya mawese. Na ule muzee si babu yangu. Hata ujirani na babu yangu hana.

Bon. Mukae, nieleze. Anayetaka kucheka acheke pole pole.

Bale banaonijua banajua: mimi Dimitri, mutoto wa Likasi, nilifika Bruxelles ningali mudogo, masomo nilifika katikati nikashuka (sikufukuzwa, nilishuka mwenyewe, kama muntu ku tram). Ku nyumba yetu ya Schaerbeek, juu ya télé, kuko picha ya zamani. Muzungu mwembamba wa kofia, amepakata mutoto mweusi mwenye gauni ya ubatizo. Ule mutoto ni babu yangu, baba ya papa yangu. Ku karte yake ya ubatizo bameandika: Patrick Doolan Mutombo. Na ule muzungu naye ni Patrick Doolan, fundi wa mashini, alitoka Irlande akakuja kutumika Katanga wakati ya ukoloni.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Muzungu gani wa ule wakati angepakata mutoto mweusi mbele ya photographe, kama si wake? Na kuko ingine: babu yangu, mweusi kama chungu, quartier nzima ilikuwa inamuita "Muzungu". "Muzungu amefika! Mupe Muzungu kiti!" Juu ya nini, kama si damu? (Mimi mwenyewe niko mweusi kupita yeye. Lakini damu haionekani inje, njo nilikuwa najiambia kila asubuhi ku kioo.) Na tena napenda viazi, chakula ya ba Irlande, kupita bukari, ugali ya kwetu. Miaka yote nilikuwa najiuliza sababu. Voilà!

Donc nikaanza kutafuta. Mimi nikianza kintu, sina frein. Niliandika ku mission ya zamani kule Katanga. Niliandika ku ba paroisse ya Irlande na Kiingereza yangu ya kuokota. Niliingia mu forum moja ku internet, ya bantu ba Irlande banaotafuta ba ndugu baliopotea mu dunia. Bengine bote banatafuta Amerika, banatafuta Australia. Mimi peke yangu na Likasi yangu. Mwaka ya kwanza, kimya. Mwaka ya pili, kimya. Guylain, rafiki yangu, coiffeur wa ku Galerie d'Ixelles, kila nikiingia mu salon yake anaita bantu: "Mumupishe Irlandais! Ametoka mbali!" Nikamuambia, utaona. Nikarudi ku forum.

Alafu mwezi uliopita, message! Orla, maman mmoja wa Irlande, anatumika hapa hapa Bruxelles mu bureau za Europe. Anaandika na Kifaransa ya muzuri kupita yangu: "Ule muntu wa ku picha ni ndugu ya babu yangu."

Ba ndugu, nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga plafond na ufagio.

Orla akanieleza. Papa yake, muzee Declan, angali kijana, alikaa pembeni ya kitanda ya baba yake mwenye kufa. Ule baba akamushika mukono: "Umutafute ndugu yangu Patrick. Ujue kama alikufa peke yake." Juu Patrick alienda Katanga, akaandika kidogo, alafu hakuna kintu. Muzee Declan amezeeka na ile neno mu kifua. Sasa amesikia kuko kitukuu wa Patrick mu Bruxelles. Anapanda ndege, na fimbo yake, na magoti mabaya.

"Na Dimitri," Orla akauliza, "ni jina ya kwetu?"

"Apana, madame. Ni jina tu, bazazi banachagua."

(Muweke ile jibu pembeni. Mimi sikuiweka.)

Nilibakiza kintu kimoja: kuuliza bakubwa. Nikapigia simu tantine Georgette, anakaa Liège. Njo mutoto wa mwisho wa babu, njo peke yake anabaki.

"Tantine, ule Patrick wa ku picha ni nani kwetu?"

"Eh! Ule ni papa yetu, ule! Juu ya nini?"

"Hakuna. Ukuje siku ya samedi ku Matonge, uvae pagne ya muzuri."

Nikakata simu. Kama ningeongeza swali moja tu, leo singekuwa hapa naandika. Lakini mimi swali moja inanitosha. (Hata ku masomo njo ilikuwa shida.)

Sasa leo. Asubuhi niko mu salon.

"Guylain, unipake rangi ku ndevu. Nyekundu. Muzee anione tu, ajue damu yake."

Guylain akaweka kitana chini. "Dimi, uko sérieux?"

"Bantu ba Irlande banakuwa na ndevu nyekundu. Nimeona ku vidéo."

"Rangi niko nayo ni ya ba perruque, nywele ya bandia ya ba maman."

"Tia."

Maman mmoja, kichwa katikati ya kusukwa, akasema, "Umutie na ku nyusi, akamilike!" Salon nzima ikaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kazi.

Guylain akatia. Akaniambia: isafishwe mara mingi, mpaka mayi itoke ya kweupe. Lakini saa ilikuwa imeenda, na nilikuwa bado kuvaa shati ya kijani na kravati ya kijani, rangi ya Irlande. Nikasafisha mara moja. Nikasema, ingine mvua itamaliza. Na kweli, pale Porte de Namur mvua ilinikamata, ile ya Bruxelles ya pembeni pembeni. Nikajiona mujanja.

Tulikuwa tumepanga kukutana mu nganda ya maman Béa, pale tunakulaga samaki ya kuchoma. Alipika bukari, samaki, lengalenga, na, kwa amri yangu, bassine nzima ya viazi. Bantu nilialika mimi mwenyewe. Kila muntu aliyenichekaka kwa mambo ya Irlande, nilimualika. Chorale ya paroisse yetu pia. Nilitaka bashahidi. (Nimebapata.) Ile picha nilikuwa nimeikuzisha, kubwa kama mulango, nikaipachika ku ukuta.

Mulango ikafunguka. Orla, na nyuma yake muzee Declan. Muzee mudogo, nywele nyeupe, fimbo, na shati nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Orla ananiambia mu sikio: "Ameinunua juu ya leo."

Muzee akaangalia picha. Akasimama pale.  Alafu akanigeukia, akaniangalia uso, pole pole, kama muntu anayetafuta funguo yake mu begi ya mwingine. Nikafikiri: anatafuta pua ya ba Doolan. Nikamupa pua ya upande wa kushoto. Nikamupa na ya kuume.

Na hapo, ba ndugu, machozi ikanitoka. Ya kweli! Miaka yote ya kutafuta ikapanda ku macho. Nikamurukia ku shingo. "Grandfather! Babu! Babu yangu!" Nikasugua uso yangu pale ku bega yake kama mutoto. Chorale ikaanza wimbo. Ba maman bakapiga bigelegele. Muzee naye, mukono yake ku mugongo yangu, anapapasa, anapapasa.

Nikamuachilia.

Wimbo ikakatika katikati. Nikaona bantu banaangalia kifua ya muzee. Nikaangalia pia. Kutoka ku kola mpaka ku mufuko: ndevu. Ndevu yangu nzima, ya rangi ya machungwa, na fasi ya midomo, na fasi ya kidevu, clair, kama muhuri ya commune. Guylain alikuwa ku pembe, amegeukia ukuta, mabega inatikisika.

"Si kintu, si kintu," Orla anasema, anasugua na serviette. Anaongeza alama tu.

Na njo ile dakika tantine Georgette anaingia. Train ya Liège ilikuwa imechelewa. Pagne ya muzuri, kama nilivyomuomba.

"Dimitri! Ni nini inakula kidevu yako?"

Mbele nijibu, akaona picha. Akashika kifua. "Eh, Papa Patrick! Nani ameleta papa yetu hapa?"

Nikanyoosha shingo. Nikageukia bashahidi. "Shi munasikia? Papa yetu! Tantine, muzee huyu ni mutoto ya ndugu yake. Damu yetu!"

"Damu?" Tantine akaniangalia kama muntu anayetazama moto ku nyumba ya jirani. "Damu gani?"

"Shi Patrick njo alimuzaa babu."

"Nani? Alimuzaa nani?"

Nikamukonyeza. Nikamukanyaga muguu. Tantine, juu ya heshima kwa bageni, akapita mu Kifaransa, sauti ya juu, bote basikie. Orla akaanza kugeuza mu Kiingereza mu sikio ya papa yake, neno kwa neno. Hakuna fasi ya kujificha.

"Papa yangu alizaliwa na Mutombo, kapita, musimamizi wa batumishi ku atelier, mweusi kama mimi na wewe! Mama yake alishikwa na uchungu, mbaya, hakuna gari. Ule muzungu akamutia mu camion yake, akaendesha mpaka ku hôpital, na matope, na mvua. Mutoto akatoka muzima. Bakamupa jina ya ule muzungu. Alikuwa majina yake, wajina wake! Na kwetu, ukipewa jina ya muntu, unakuwa ule muntu. Njo maana balikuwa banamuita papa yangu Muzungu. Njo maana sisi batoto tunaita ule muzungu papa. Hata mutoto mudogo wa Likasi anajua!"

"Lakini tantine… alimupakata…"

"Shi ni majina yake! Ulitaka apakate nani, mbuzi?"

Nikafunika kidevu na mukono. 

"Na wewe," tantine akasema (nilijua inakuja, niliona inakuja kama bus), "wewe Dimitri, unafikiri Dimitri ni nani kwetu? Ni Mugriki wa boulangerie! Mama yako alikuwa na mimba yako, hakuna kintu kinakaa mu tumbo, ni mikate yake tu. Kila asubuhi ule Mugriki alimutumia ya moto. Sasa kesho utaenda Grèce, kulia ku shingo ya bantu?"

Ba ndugu. Maman Béa alikaa chini na chungu mu mikono. Ba soprano bakatoka inje kupumua. Maman wa salon, nywele nusu imesukwa, nusu apana (alikimbia hivyo kusudi asikose), akasema, "Na nyusi nilisema!"

Mimi nilikuwa naangalia muzee. Hapo kicheko ilinikwisha. Muntu ametoka kwao na magoti mabaya, na shati mpya, kuona damu ya Patrick, na mimi nimemupa nini? Rangi ya perruque.

Orla akamaliza kumuambia. Muzee akaegemea fimbo yake. Alafu akauliza kintu, sauti ya chini. Orla akageukia tantine, macho imejaa.

"Anauliza tu: alikufa peke yake?"

Tantine akashangaa kwa kweli. "Peke yake? Na majina yake pale pale? Angekufaje peke yake?" Akavuta kiti, akakaa mbele ya muzee, magoti kwa magoti. "Alikufa na ugonjwa ya mapafu. Nyanya yangu alimupelekea mchuzi ya kuku mpaka siku ya mwisho. Mutombo mwenyewe alikuwa amemushika mukono. Siku ya mazishi, papa yangu, mutoto mudogo hivi, alitembea mbele ya bote na musalaba, juu majina njo anatembea mbele. Kila Toussaint, sikukuu ya Batakatifu, tunasafisha kaburi. Leo ni ba binamu banafanya. Na jina haikukufa! Kuko Patrick wa kaka yangu, kuko Patrick wa Kolwezi, kuko na Patricia, ule ni kichwa ngumu kabisa."

Muzee akafunika uso na mikono.  Alipotoa mikono, alikuwa analia na anacheka pamoja. Akanionyesha na fimbo, akasema kintu.

"Anauliza," Orla akasema, "kama ile rangi inatoka."

Mbele nijibu, Guylain, ku pembe: "Ku ndevu inatoka. Ku nguo haitoki."

Muzee akapapasa ile alama ku kifua. "Good," akasema. Ile niliisikia bila kugeuziwa. Hakukubali serviette tena. Akakula bukari na mukono, tantine anamufundisha kufinyanga, anamuita "papa" na anamugombeza pamoja. Viazi hakugusa. Anasema ku nyumba anakula kila siku.

Hakuna muntu aligusa. Bassine nzima iko hapa kwangu. Anayetaka akuje.

Saa hii natoka mu salon. Guylain amenisafisha ndevu, sasa mara mingi, mpaka mayi ikatoka ya kweupe.  Amenipangusa, ametoa kitambaa ku shingo, ameniangalia mu kioo.

"Dimi."

"Nini."

"Bagriki ndevu yao ni nyeusi. Kule utaenda hivi hivi."