Mkono Usio na Vidole

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu wa fizikia ametangaza: Ijumaa atachagua kazi moja tu ya kupeleka kwenye mashindano ya sayansi ya shule zote. Nataka iwe yangu. Sijawahi kuchaguliwa kwa lolote isipokuwa kufuta ubao.

Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta kutambua maumbo. Kompyuta haijui mkono ni nini, inaona madoa meusi na meupe tu. Kwa hiyo nimeizungushia picha mpira wa kuchora, mfano wa ule wa kufungia nywele. Mpira hujivuta kwenda ndani. Ukingo wa kitu huunasa kama sumaku. Ukitulia, umeshika umbo lake. Fizikia tupu.

Mpinzani ni mmoja, jirani yangu wa dawati, tunayemwita Kamusi. Ametengeneza kengele inayolia mvua ikigusa nguo zilizoanikwa. Nimemwambia ni nzuri kiasi.

Jumanne, 4 Juni
Nimepiga picha mkono wa shangazi juu ya kitambaa cheusi. Mpira ukashuka vizuri hadi ncha za vidole. Hapo ukagoma. Ukatanda kutoka ncha hadi ncha, haukuingia katikati hata kidogo. Kompyuta ikajibu: koleo.

Shangazi akaitazama skrini. Akasema wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na yeye sasa hana hata hicho kimoja, kwa hiyo vyombo nitaosha mimi.

Nimeosha.

Jumatano, 5 Juni
Kamusi ameomba kuona. Akatazama, akasema shoga yangu, mpira wako mgumu mno na sumaku yako dhaifu. Legeza huku, kaza kule, utaingia kati ya vidole wenyewe.

Nikamshukuru kwa adabu. Lakini tangu lini mshindani akakuonyesha njia ya mkato? Nikafanya kinyume, nikaukaza mpira. Ukaupita mkono wote bila hata kuusalimia, ukasinyaa hadi ukawa nukta. Kompyuta: mbegu.

Shangazi amesema leo hataki kujua.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata ufumbuzi. Mpira nimeurudisha ulivyokuwa. Hauna kosa, kosa ni la vitu. Nimekusanya vitu visivyo na mabonde: yai, kitabu, sahani, kisanduku cha chaki. Nimejaribu mara saba, imepatia mara saba. Mkono na koleo nimevifuta kwenye orodha ya majina ambayo kompyuta huchagua jibu, ili visilete maneno.

Kamusi ameuliza mkono uko wapi. Nimemjibu uko kwa shangazi.

Ijumaa, 7 Juni
Nilianza na yai. Sawa. Kitabu. Sawa. Darasa likapiga makofi, nami nikajiona nimeshapanda basi la mashindano.

Ndipo mwalimu akakunja mikono ya shati na kuweka mkono wake mwenyewe chini ya kamera.

Kompyuta ilifikiri sana, maskini. Ikajibu: yai.

Mwalimu akaniuliza kwa upole kama nitamchemsha au nitamkaanga. Darasa zima likalala juu ya madawati kwa kicheko. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Baadaye akanivuta kando. Wazo langu, alisema, ni zuri kuliko yote aliyoyaona mwaka huu. Nilegeze mpira tu, niongeze nguvu ya sumaku. Maneno yaleyale ya Kamusi. Kengele ya mvua ndiyo itakayokwenda, ila kumepatikana nafasi ya pili, na Ijumaa ijayo ataitazama kazi yangu upya.

Kamusi hakusema nilikwambia. Aliniuliza tu kama kesho tukae pamoja tuirekebishe.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemtumia Kamusi salamu kwamba leo nina shughuli. Nimetulia, nimelipima jambo hili pande zote, na sasa naliona wazi. Tatizo ni urefu wa vidole. Nani alinituma nianze na mikono? Vidole vya miguu ni vifupi, tena vimebanana. Mpira hautapata taabu yoyote.

Nimemwandikia mwalimu barua fupi yenye heshima zote, kumwomba Ijumaa ijayo aje na ndala.